Shangazi Anajibu: Ukindu umelala chini ya kitanda

SWALI

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kigamboni na kazi yangu ni ya ofisini, ng'ambo, mjini. Nimelelewa na bibi Pemba, ndiye aliyenifundisha kusuka ukili, ule mkanda wa majani ya mkindu unaoshonwa mikeka na mikoba, na mpaka leo sijaona kitu kingine kinachonituliza kichwa kama hicho. Lakini natoka nyumbani alfajiri: foleni ya kivuko, kazi, foleni tena, nikirudi ni magharibi. Chakula, madaftari ya watoto, kulala. Mwisho wa wiki ni kufua. Mume wangu si mtu mbaya, ila Jumamosi na Jumapili alasiri yuko barazani anacheza bao. Wenzangu kazini walipouona mkoba wangu nao wakaagiza. Nina oda nne, kianzio nimepokea, na mmoja anautaka wake kwa ajili ya harusi. Kila nikiushika ukili naona uvivu, naurudisha. Fungu la ukindu alilonitumia mama mdogo liko chini ya kitanda tangu Ramadhani. Nipate wapi muda?

Mama Wawili, Kigamboni

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako umeijaza foleni na kufua, lakini macho yangu yameganda kwenye zile oda. Mtu aliyekosa muda, siku akiupata huurukia ukili wake. Wewe unaushika, unaona uvivu, unaurudisha. Huo ni uchovu wa deni, kivuko unakisingizia tu. Siku uliyopokea kianzio cha mkoba wa kwanza, kile kilichokuwa kinakutuliza kichwa kiligeuka kibarua cha pili, tena kisicho na malipo ya maana.

Sisi wanawake tumelizoea hili. Ukitarizi foronya, unaulizwa unauza bei gani. Ukioka keki ikaumuka vizuri, "shoga, fungua biashara". Sasa niambie, nani aliwahi kupita pale barazani akamuuliza mumeo bao lile linamwingizia shilingi ngapi? Mashimo 32, kete 64, watu wazima wanabishana mpaka adhana ya magharibi, na kila mtu anaona ni sawa. Na ni sawa kweli, simnyang'anyi mtu bao lake. Ila nawe una haki ya kitu kisichoingiza hata senti.

Tuje kwenye muda wenyewe. Wapo watakaokwambia usuke kwenye kivuko. Hao hawajavuka Magogoni asubuhi ya siku ya kazi, pale ambapo hata kiwiko huna pa kukiweka. Achana nao. Wewe igawe kazi. Kuanika, kuchana, kuchemsha rangi na kushona, hizo zinataka nafasi, maji, na sufuria ambalo halitarudi tena jikoni. Usizijaribu katikati ya wiki. Kusuka ukili ni kazi ya vidole tu. Kaa jamvini na watoto na madaftari yao, mmoja anakusomea, wewe unaitikia na vidole vinakwenda. Hata umeme ukikatika, aliyefundishwa na bibi wa Pemba hahitaji taa. Chane zako, yaani ukindu uliokwisha kuuchana, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevunyevu zisikatike, uzitie kwenye mfuko, mfuko uning'inie pale pale unapokaa. Kitu cha kuinamia uvunguni hakishikwi jioni. Mimi enzi za ualimu foronya zangu nilizitarizia kwenye vikao vya walimu. Mkuu wetu wa shule alikuwa mtu wa maneno mengi, Mungu amrehemu, nikamaliza seti nzima ya kitanda.

Kuchemsha na kushona kunataka alasiri nzima, na hapo ndipo mume anapoingia. Usimwendee na malalamiko ya bao. Nimeolewa na mcheza bao, nawajua: akiwa bado ananamua, kete zinaingizwa, humwambii kitu; akiingia mtaji, kete zote ziko ubaoni, ndiyo kabisa. Mngoje asubuhi, kwenye chai. Mwambie Jumamosi ya bao ni yake, Jumapili alasiri ni yako, na watoto watakuwa naye. Wala usiseme "nisaidie watoto", kana kwamba ni wa jirani. Na hiyo Jumapili usianze na "nifue kidogo kwanza". Nguo zitaila alasiri yote na hutaona ilikwendaje.

Watakaokuja na "nisukie na mimi", waambie waje na ukindu wao, utawafundisha. Utashangaa wangapi hawatatokea. Oda ulizokwisha kupokea, ile uliyoianza imalize, nyingine rudisha hela za watu. Anza na huyo wa harusi, wiki hii hii, kabla hajashona gauni la kufanana na mkoba.