Kuonja Linux hakufuti Windows

Ndugu, unauliza kama Windows yako itafutika ukionja Linux Mint (mfumo wa kuendesha kompyuta, kama Windows ilivyo)? Hapana, haifutiki kwa kuonja tu. Ukiiwasha kutoka kwenye flashi, inatumia RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), si diski yenye Windows. Ukizima na kuchomoa, Windows inarudi na mafaili yako vilevile. Mimi niliionja hivyo wiki nzima hapa Birere, Goma, kwenye laptopu ya RAM ya GB 4, kabla ya kuamua. Kinachofutika ni flashi yenyewe wakati wa kuitayarisha kwa kuiwekea Linux, kwa hiyo picha za harusi zitoe kwanza (mimi nilijifunza kwa machozi). Halafu, kama laptopu yako ina kibodi ya Kifaransa, ichague hiyo ndani ya Linux, la sivyo ukibonyeza A unapata Q. Ile alama ya kusakinisha (kuiweka Linux kwenye diski ya kompyuta) iliyo kwenye skrini usiiguse kabla hujanakili mafaili yako kwenye diski ya nje.