Maswali ya utoshelevu wa taarifa kuhusu tarakimu: hesabu namba zilizobaki, usihesabu milinganyo

Mtihani wa GMAT, unaofanywa na waombaji wa shahada ya uzamili ya biashara, una swali lisilotaka jibu lenyewe. Unapewa swali na taarifa mbili, kisha unaulizwa kama taarifa hizo zinatosha kulijibu. Machaguo hayabadiliki. A: ya kwanza peke yake inatosha, ya pili haitoshi. B: ya pili peke yake inatosha, ya kwanza haitoshi. C: zinatosha zikiunganishwa tu. D: kila moja inatosha peke yake. E: hata zikiunganishwa hazitoshi.

Maswali ya tarakimu huwaangusha hata wenye hesabu nzuri, kwa sababu wanakuja na mazoea ya sekondari: herufi mbili zisizojulikana, milinganyo miwili, basi jibu limepatikana. Kwenye tarakimu mazoea hayo yanadanganya pande zote mbili. Tarakimu ni namba kamili kuanzia 0 hadi 9, na ile ya kwanza ya namba haiwi 0. Mipaka hiyo nayo ni taarifa, ingawa hakuna aliyekuandikia.

Chukua N, namba ya tarakimu mbili. Ukiambiwa jumla ya tarakimu zake ni 18, umemaliza: ni 99. Zao likiwa 49, ni 77. Mlinganyo mmoja umetosha. Lakini jumla ikiwa 17 kuna 89 na 98, na papo hapo haitoshi tena.

Sasa upande wa pili. N ni ngapi? (1) Jumla ya tarakimu zake ni 10. (2) Zao la tarakimu zake ni 21. Wengi wanaweka C bila hata kugusa kalamu. Jibu ni E. Jumla na zao havijali nani katangulia, kwa hiyo 37 na 73 zote zinapita. Ongeza maneno machache kwenye swali, kwamba tarakimu ya makumi ni kubwa kuliko ya mamoja, na kila kitu kinageuka. Taarifa ya kwanza inaacha 91, 82, 73 na 64, haitoshi. Ya pili inaacha 73 peke yake, maana 21 haipatikani kwa tarakimu mbili ila 3 na 7. Jibu limekuwa B. Ndiyo maana maneno ya swali yasomwe polepole kuliko taarifa zenyewe.

Mtego mwingine ni taarifa moja iliyovaa nguo mbili. N ya tarakimu mbili ni ngapi? (1) Ukigeuza tarakimu za N, namba inapungua kwa 27. (2) Tarakimu ya makumi inazidi ya mamoja kwa 3. Andika N kama 10m + d, m ikiwa tarakimu ya makumi na d ya mamoja. Ukiigeuza unapata 10d + m, na tofauti yake ni 9(m − d). Tisa mara kitu ni 27, basi m − d = 3, ambayo ndiyo taarifa ya pili. Namba saba zinabaki: 30, 41, 52, 63, 74, 85, 96. Jibu ni E. Kwa tarakimu tatu, kugeuza kunaleta 99 mara tofauti ya tarakimu za pembeni, na ile ya katikati inapotea kabisa. Jumla ya namba ya tarakimu mbili na iliyogeuzwa ni 11(m + d). Haya matatu yafaa kukaa kichwani.

Swali likiwa la ndiyo au hapana, kumbuka kwamba "hapana" ya uhakika inatosha sawasawa na "ndiyo". Je, N, yenye tarakimu tatu, ni namba tasa? (1) Jumla ya tarakimu zake ni 12. (2) Tarakimu yake ya mwisho ni 5. Ya kwanza inaifanya igawanyike kwa 3, ya pili kwa 5. Zote zinajibu hapana, kwa hiyo D. Swali likisema tu kwamba N ni namba kamili chanya, namba 5 yenyewe inaingia kwenye taarifa ya pili, nayo ni tasa. Jibu linashuka kuwa A.

Kwenye karatasi, fanya hivi. Andika AD juu, BCE chini. Taarifa ya kwanza ikitosha, futa BCE; isipotosha, futa AD. Kisha ifunike kwa kidole kabla ya kusoma ya pili, maana kuchanganya taarifa mapema ndiko kunakozaa C za uongo. Orodhesha namba zinazopita. Kwa tarakimu mbili kuna namba 90 tu, na taarifa nzuri huzipunguza haraka. Ukishapata mbili zinazotoa majibu tofauti, acha kuorodhesha. Na kabla ya kuweka C, jaribu kubadilishana nafasi za tarakimu: namba iliyogeuzwa ikipita masharti yote na swali linataka namba moja, ni E.