Nataka kugombea UVCCM, naanzia wapi?

SWALI: Mambo kaka, mi ni mwanachama wa UVCCM (Umoja wa Vijana wa CCM) nataka kugombea uenyekiti wa kata, naanzia wapi?

JIBU: Poa mdogo wangu, hongera kwa kuthubutu. Chaguzi za CCM na jumuiya zake ni kila miaka 5, za mwisho zilikuwa 2022 kwa hiyo jipange kwa 2027, za UVCCM zinaanzia tawini afu kata, wilaya, mkoa mpaka taifa. Ada ya uanachama lipa, umri cheki mapema. Ila kikubwa ni wajumbe, hao ndo wapiga kura wenyewe, wafuate walipo uwasikilize shida zao kabla hata fomu hazijatoka, na mtu akikwambia toa hela ya wajumbe kataa katakata, hiyo ni rushwa kabisa, karipoti TAKUKURU.