Siku moja Kanchipuram, kwa wanaouguza Chennai

Wengi wetu kutoka Tanzania na Kenya tunaijua Chennai, kule India, kwa jambo moja tu: hospitali. Nilikaa huko wiki sita nikimuuguza mama mdogo aliyefanyiwa upasuaji wa moyo, na kwa wiki nne za mwanzo sikujua kingine ila wodi, duka la dawa na chumba tulichopanga. Wiki ya tano mwenyewe akaniambia, "Nenda ukatembee mwanangu, usije ukaugua na wewe." Nikaenda Kanchipuram. Kama mgonjwa wako amepata nafuu na yupo wa kubaki naye, nakuomba na wewe uende.

Mji uko kilomita 70 na kitu kutoka Chennai, mwendo wa saa mbili kwa gari. Zamani ulikuwa makao makuu ya wafalme wa Pallava, ukoo uliotawala kusini mwa India, na mahekalu yake mengine yana umri wa miaka zaidi ya elfu.

Cha kwanza, toka mapema. Mahekalu hufungwa saa sita mchana na kufunguliwa tena saa kumi jioni, na mimi hilo sikuambiwa. Niliondoka saa tatu, nikakwama kwenye foleni, kisha dereva akanipeleka moja kwa moja kwenye duka la hariri bila hata kuniuliza. Nilipofika hekaluni mlinzi alikuwa anafunga lango. Nilisikitika sana, maana siku ya kumwacha mgonjwa haipatikani hivi hivi. Wiki iliyofuata nilirudi, nikatoka saa kumi na moja alfajiri, na dereva mwingine nilikubaliana naye kabla ya kuwasha gari: mahekalu kwanza, maduka baadaye.

Anza na hekalu la Kailasanathar. Lilijengwa mnamo mwaka 700, enzi za mfalme Narasimhavarman wa Pili, na liko pembeni kidogo ya mji, kwa hiyo asubuhi ni kimya. Uani, ukutani kote, kuna vijumba 58 vya ibada, vidogo kiasi kwamba mtu akiingia kimoja lazima ajikunje. Chungulia ndani. Kwenye baadhi utaona mabaki ya rangi za zamani juu ya chokaa, nyekundu na manjano, na uso wa mtu uliobaki nusu. Jiwe lenyewe ni la mchanga, limelika kwa mvua na upepo, na simba waliochongwa kwenye nguzo wamebaki wamesimama kwa miguu ya nyuma. Nilikaa pale saa nzima na sikujuta.

Hekalu la Ekambareswarar ni kubwa na lina watu. Mnara wa lango lake una karibu mita 60, ulijengwa mwaka 1509 na Krishnadevaraya, mfalme wa Vijayanagara, dola ya kusini mwa India. Jina lenyewe maana yake ni Bwana wa mwembe, na ndani kuna mwembe ambao wenyeji wanasimulia kwamba matawi yake manne huzaa maembe ya ladha nne. Mimi mtu wa Tanga, habari za maembe zilinikamata kuliko mnara.

Kisha nenda hekalu la Varadharaja Perumal ukatazame ukumbi wa nguzo mia. Kwenye pembe zake kunaning'inia minyororo ya mawe. Nilisogea karibu nikatafuta palipoungwa, sikupaona: pete zote zimechongwa kutoka kwenye jiwe moja.

Mimi ni Mwislamu, na najua wapo watakaosita. Sikwenda kuabudu, nilikwenda kuona kazi ya mikono ya watu, na hakuna aliyenisumbua. Sehemu ya ndani kabisa ni ya Wahindu peke yao; ukiona kibao, simama hapo. Vaa nguo za heshima. Viatu huachwa nje, basi beba soksi nene, kwani kufikia saa tano sakafu ya mawe inaunguza nyayo. Aprili na Mei usiende kabisa. Januari na Februari ndiyo miezi mizuri.

Chakula kisikutie wasiwasi. Migahawa mingi haipiki nyama, kwa hiyo suala la halali halisumbui. Ulizia idli ya Kanchipuram: unga wa mchele na choroko nyeusi uliochachuliwa, ukatiwa pilipili manga, tangawizi na bizari nyembamba, ukapikwa kwa mvuke. Fikiria mkate wa kumimina usio na sukari.

Hariri acha iwe ya mwisho, lakini usiikose, na kama unaweza, omba uone mfumaji akiwa kazini. Sari ya hapo, mwili na pindo hufumwa kwa nyuzi za rangi mbalimbali na kufungamanishwa wakati wa kufuma, mstari kwa mstari. Shika mahali vinapokutana, uvute kidogo, uone palivyo imara. Nilimnunulia mama mdogo mtandio wa kijani. Usiku ule alijifunika nao kifuani, juu ya kidonda, akaniambia nimhadithie tena ule mwembe.