Re: Kompyuta nne za dukani, kila moja na saa yake, nazilinganishaje kwa usalama?

Mkuu wa Ujiji pole, hilo la risiti kuonyesha umeuza kesho lishanikuta hapa Mwanga, umeme ukikatika mashine moja inarudi 2009 kabisa. Anza na ile betri ya duara inayotunza saa kwenye mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta), CR2032, kwa sababu saa ikiwa nyuma miaka hata cheti cha seva (kitambulisho chake mtandaoni) kinakataliwa afu unabaki kulaumu bando. Then usiache kila kompyuta iulize saa nje kivyake, chagua moja ya Linux iwe ndo mama, weka chrony (programu ya kulinganisha saa) 4.0 kwenda juu, zingine ziulize kwake. NTP ya kawaida (njia ya kompyuta kuulizana saa mtandaoni) inapita UDP poti 123 uchi tu, mtu akikaa katikati anakupa saa ya uongo na unameza. NTS ya 2020 (ulinzi wa hiyo NTP) inakagua cheti cha seva kwanza. Kwenye chrony.conf (faili la mipangilio) ya mama andika:

server time.cloudflare.com iburst nts
allow 192.168.1.0/24

(hiyo namba weka ya mtandao wako) na ufungue poti ya TCP 4460 ya NTS kwenye fayawoli, hapo ndo nilihangaika siku nzima. Piga chronyc -N authdata, ukiona imeandika NTS, ujue imekubali. Humo ndani ya mtandao wa duka NTP ya kawaida inatosha, ila wifi ya wateja itenganishe aisee