Anza na sapulai kabla ya kadi: kuifanya deskitopu ya ofisini icheze gemu

Ujumbe huu umeingia kutoka kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma: "Shikamoo kaka. Nimepata Dell OptiPlex 9020 ile nyembamba, i5-4570, ramu 4, hadidisiki 500. Nataka kucheza GTA V na EA FC 24. Kuna jamaa ananiuzia kadi ya grafiki, GTX 1060, nichukue?"

Marahaba mdogo wangu. Usichukue. Na kwa kuwa swali hili linanijia kila mara, likibadilika jina la kadi tu, nalijibu kwa urefu ili na wengine walione kabla hawajatoa hela.

Mashine zilizotoka maofisini ni nzuri kwa mtu mwenye bajeti ndogo. Zimejengwa kwa bati zito, zinavumilia, na mjini kwetu zinapatikana. Tatizo lake ni moja, nalo ndilo linaloamua kila kitu kingine: sapulai, yaani kifaa kinachoigawia mashine umeme. OptiPlex 9020 nyembamba ina sapulai ya wati 255. Ile ya kasha refu ina wati 290. Prosesa ya i5-4570 peke yake imepimwa wati 84. Sloti ya kadi kwenye mazabodi (bodi kuu ya mashine) hutoa wati 75, basi. GTX 1060 inakula wati 120 na inadai waya wa ziada wa pini 6, waya ambao sapulai yako haina. Zaidi ya hapo, kadi yenyewe ni ya urefu wa kawaida, haiingii kwenye kasha jembamba hata ukiisukuma.

Hapa ndipo baadhi ya mafundi watakuambia, "tutaunga adapta." Kataa. Kwenye 9020 umeme wa hadidisiki hautoki kwenye sapulai moja kwa moja, unatoka kwenye mazabodi kupitia waya mwembamba uliotengenezwa kwa ajili ya diski. Ukiuvuta waya huo ulishe pini 6 za kadi, unaupitishia mzigo wa mpaka wati 75 ambao haukuwekewa. Plagi inapata moto, plastiki inayeyuka, na siku ikiungua haiungui adapta, linaungua mazabodi. Kitu cha kuokoa senti kinaondoka na mashine nzima. Naomba mnisikie kwa hili kuliko jambo lingine lolote hapa.

Kama hujanunua mashine bado, chukua yenye kasha refu, hata ikizidi bei kidogo. Kwenye kasha refu unaweza kuweka sapulai ya kawaida ya dukani, ila uangalie plagi inayoingia kwenye mazabodi. OptiPlex 7010 ya kasha refu hutumia ile ya kawaida ya pini 24. OptiPlex 9020 ina pini 8 za Dell wenyewe, kwa hiyo unahitaji kebo ya kubadili kutoka 24 kwenda 8. HP EliteDesk 800 G1 ina pini 6 za HP, na kebo yake ni nyingine kabisa. Usikubali ya Dell kwenye HP kwa sababu tu imekaribia kuingia.

Utauliza, mbona nisichukue 7010 basi, mambo yaishe? Kwa sababu inabeba prosesa za kizazi cha tatu, ambazo hazina maagizo ya AVX2 (ya kufanya hesabu nyingi kwa mpigo). Yalianza na kizazi cha nne cha Intel mwaka 2013, ndicho kilichomo kwenye 9020. Gemu kadhaa za karibuni zinayadai, na zisipoyakuta zinajifunga zenyewe bila maelezo. Kwa hiyo 9020 ni bora kwa prosesa, 7010 ni rahisi kwa sapulai. Mimi ningechukua 9020 ndefu.

Sasa kadi. Kwa mwenye kasha jembamba kama wewe, masharti ni matatu: iwe fupi ya kimo, isidai waya wa ziada, na isizidi wati 75. Kabla ya kununua fungua kasha, pima nafasi kati ya sloti ndefu na sapulai kwa rula. Kadi nyingi za gemu hukalia nafasi ya sloti mbili, na ndani ya makasha haya nafasi ya pili mara nyingine haipo.

GTX 1650 ya kimo kifupi, gigabaiti 4, ndiyo kadi ya kutafuta. Lakini soma kadi yenyewe, maana matoleo mengi ya GTX 1650 yana tundu la pini 6, na hayo hayakufai. GTX 1050 Ti fupi bado inacheza vizuri, ila ujue kwamba NVIDIA ilifunga draiva (programu za kuiendesha kadi) mpya za gemu kwa kizazi chake Oktoba 2025. Inabaki na masahihisho ya usalama tu, mpaka Oktoba 2028. Kwa gemu za zamani haina shida. Kwa gemu itakayotoka mwakani, ni bahati nasibu.

Kuna kadi ambazo vijana wanazipita dukani bila kuzitazama kwa sababu hazina jina la gemu: NVIDIA T600 na T1000. Zilitengenezwa kwa wachora ramani na wahandisi. Ni fupi, zinakaa sloti moja tu, T600 inakula wati 40 na T1000 wati 50, na zote mbili zina kumbukumbu ya gigabaiti 4 au zaidi. Zinatumia teknolojia ileile ya GTX 1650, kwa hiyo draiva zinaendelea. Kwa kasha jembamba sijaona jibu zuri kuzidi hili. Milango yake ni ya DisplayPort ndogo, hivyo dai adapta zake siku hiyohiyo ya kununua.

RX 6400 inasifiwa sana, nayo ni fupi na haidai waya. Ila hutumia njia 4 tu za data za sloti kati ya 16, na kwenye mazabodi ya umri huu njia hizo zina nusu ya kasi iliyokusudiwa. Kwenye gemu zinazojaza kumbukumbu yake, picha hukwama. GT 1030 ni ya mwisho kwenye orodha yangu, na ukilazimika kuinunua, hakikisha kumbukumbu yake ni GDDR5. Lipo toleo la DDR4 lenye jina hilohilo ambalo kasi ya kumbukumbu yake ni kama theluthi moja tu. Muuzaji hatakuambia.

Halafu zipo kadi za kughushi. Chipu ya zamani kama GTS 450 au GTX 550 Ti huandikwa upya programu yake ya ndani, ikajitangaza kuwa GTX 1050 Ti. Dalili ya kwanza ni tundu la VGA la rangi ya buluu mgongoni mwa kadi. Chipu ya 1050 Ti haitoi picha za VGA, kwa hiyo ukiliona tundu hilo, rudisha. Dalili ya pili unaipata kwa programu ya bure ya GPU-Z, ambayo huiandikia kadi ya kughushi neno FAKE mbele ya jina lake. Weka GPU-Z kwenye flashi uende nayo dukani. Ukinunua Kariakoo kwa simu na kutumiwa kwa basi, dai video ya GPU-Z ikiwaka kwenye kadi hiyohiyo, namba ya kadi ikionekana. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, kwenda mwenyewe na kurudi siku hiyohiyo kunawezekana. Kwa kitu cha bei hii, ningekwenda.

Na monita? Nyingi za mtumba hapa mjini ni za VGA peke yake, wakati kadi hizi hazina VGA. Nunua adapta yenye chipu ndani, ya kutoka HDMI au DisplayPort kwenda VGA. Waya mtupu usio na chipu hautatoa picha, nawe utadhani kadi ni mbovu. Kosa lingine la aina hiyo ni kuchomeka monita kwenye mlango wa mazabodi badala ya wa kadi. Gemu itakwenda kwa grafiki ya Intel na utalalamika umeibiwa.

Lakini kabla ya kadi yoyote, mdogo wangu, ramu 4 haitoshi. Weka gigabaiti 8 kwa vipande viwili vya 4, au 16 kwa vipande viwili vya 8. Viwili, si kimoja, kwa sababu prosesa husoma vyote kwa pamoja na njia inakuwa pana mara mbili. Ni DDR3 ya deskitopu. Ramu za seva huuzwa rahisi na zinafanana kwa macho, ila mashine haitawaka.

Hadidisiki iache ihifadhi mafaili, Windows na gemu zikae kwenye SSD (diski ya kasi) ya SATA. Ya gigabaiti 240 utaijutia: FC 24 peke yake inadai 100, na GTA V ni kama hiyo. Chukua ya 480 au 512. Kabla ya kuweka Windows ingia BIOS (mipangilio ya ndani ya mashine) kwa F2, kwenye SATA badilisha RAID iwe AHCI. Ukibadilisha baadaye, Windows itagoma kuwaka. Kama utasasisha BIOS, fanya hivyo mashine ikiwa kwenye UPS inayofanya kazi. Umeme ukikatika katikati ya zoezi, mazabodi linakufa.

Prosesa yako ina nyuzi 4, yaani inashughulikia kazi 4 kwa wakati mmoja. Ukipata i7-4770 au i7-4790 ya bei nzuri, ina 8, na inaingia kwenye soketi hiyohiyo. Tuambiane ukweli kuhusu FC 24: kiwango cha chini walichoandika watengenezaji ni i5-6600K na GTX 1050 Ti. i5-4570 iko chini yake. Itegemee kwa mipangilio ya chini, na kwa GTA V chukua toleo la zamani, si lile jipya la 2025 linaloanzia i7-4770.

Ukibadili prosesa, futa pesti ya zamani ya kupitisha joto kwa spiriti na uweke mpya, kiasi cha punje ya harage dogo katikati. Vumbi la Dodoma halina huruma kuanzia kiangazi kinapokaza mpaka mvua za Desemba, na Oktoba na Novemba joto ndilo linapanda. Safisha kila baada ya miezi miwili kwa brashi laini na blowa ndogo, ukiishika feni isizunguke. Msiende kwa wajaza upepo wa matairi. Kompresa yao inatema maji, na nguvu yake inang'oa vipande. Kasha likae juu ya meza, lisifunikwe kitambaa likiwa linafanya kazi. Prosesa ikivuka digrii 80 ndani ya gemu, fungua uangalie.

Kwa umeme wa LUKU, mashine hii pamoja na monita ikila wati 200, saa nne za gemu ni uniti 0.8. Hapo haisumbui.

Suala la Windows linauma. Masasisho ya Windows 10 yalifungwa rasmi Oktoba 14, 2025, na prosesa za kizazi cha nne haziko kwenye orodha ya Windows 11. Ukiilazimisha inaingia, ila Valorant itaikataa, kwa sababu kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na Secure Boot (ulinzi wakati mashine inawaka). Kama Valorant ndiyo gemu yako, mashine hii usiinunue kabisa, tafuta ya kizazi cha nane.

Jambo la mwisho ni la bando. Kama mwenzako wa hosteli ana GTA V kwenye Steam na wewe umeshailipia, nakili folda yake iliyomo ndani ya "steamapps/common" kwenye diski ya nje, ibandike kwako mahali palepale, kisha bonyeza "install". Steam itakagua mafaili yaliyopo na kupakua yanayokosekana tu.