Neno lisiloandikwa popote wamelijuaje?

SWALI: Habari za kazi ndugu mhariri. Kwenye kamusi za asili ya maneno nakutana na vitu kama *ph₂tēr, kinyota mbele, eti ndo "baba" kwa Kihindi-Kiulaya cha kale, lugha mama ya Kilatini, Kiingereza na nyingine nyingi. Lugha yenyewe haina hata andiko moja, si wanabuni tu hawa?

JIBU: Hapana ndugu yangu, hawabuni, na hicho kinyota ndo wanakuambia wazi kwamba neno halijaonekana limeandikwa popote, limetafutwa kwa kulinganisha. Angalia, Kilatini pater, Kisanskriti (lugha ya kale ya India) pitar, Kiingereza father. Kufanana peke yake si hoja, hoja ni hiyo p na f, maana "mguu" ni pes na foot, "samaki" ni piscis na fish, yaani panapoanza p kwa Kilatini Kiingereza kinaleta f, na mwanaisimu Mjerumani Jacob Grimm aliiweka kanuni hiyo mwaka 1822. Kanuni hizohizo ndo zinawakatalia wanaofanana kwa bahati, mfano habere ya Kilatini na have ya Kiingereza, zote "kuwa na", ungeapa ni ndugu, kumbe h ya Kiingereza hapo imetoka kwenye k, kwa hiyo ndugu halisi wa have ni capere, "kushika".

Ila kinachonisisimua zaidi ni hiyo h yenye 2 uliyoiona. Mwanaisimu Mswisi Ferdinand de Saussure, kijana wa miaka 21 tu, kwenye kitabu chake cha 1879 alisema kuna sauti (hiyo h yenye 2 ni mojawapo) zilipotea zamani zikaacha vokali zimerefuka, kama a ndefu ya pastor, "mchungaji" kwa Kilatini, na wakati huo hakuna lugha yoyote ya ukoo huo iliyojulikana yenye sauti hizo, wengi hawakumwelewa, akafariki 1913. Miaka miwili baadaye mtaalamu Mcheki Bedřich Hrozný akafumbua Kihiti, lugha ya kale ya ukoo huohuo iliyoandikwa kwenye vibao vya udongo vilivyofukuliwa Uturuki, na mwaka 1927 mwanaisimu Mpolandi Jerzy Kuryłowicz akaonyesha sauti ileile imekaa palepale: "kulinda" kwa Kihiti ni pahs-, mzizi uleule wa pastor, h ipo mahali Saussure aliposema kuna kitu. Mtu anayebuni hawezi kupatia hivyo jamani!

Wanachobishania mpaka leo ni ilitamkwaje, wengi wanaipeleka huko nyuma kooni, ndo maana wameiandika kwa namba badala ya kuipa herufi yake kamili.